Zedi Iliyopungua

Juma lililopita gesi iliniishia chai ikiwa haijachemka, nikalazimika kulitoa uvunguni jiko la mafuta ya taa ambalo lilikaa huko tangu sijui lini. Nilipowasha tambi zake ile harufu ikanipiga puani, na kabla sijajua kunani nikaanza kucheka. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kama nimepata wageni. Nikamwambia hakuna wageni, ni sayansi ya darasa la tatu tu. Akaniangalia vile wanavyoangaliwa wanawake wa umri wangu wanaoishi peke yao, akaenda zake.

Nyinyi wa rika langu ndio mtakaonielewa. Sisi tulisoma enzi ambazo mwalimu akisema neno hulihoji. Unalikariri jinsi lilivyotoka kinywani mwake, unalitunza, na siku ya mtihani unamrudishia likiwa halijaguswa. Kuelewa kulikuwa jambo lako binafsi, ukipata nafasi.

Wazazi wangu ni watu wa Voi. Baba alikuwa fundi wa mitambo, na vita vilipokwisha kule Uganda na viwanda vikaanza kufufuliwa kimoja kimoja, rafiki yake akamwita Kampala kwamba kuna kiwanda cha sabuni kinatafuta mtu wa kubembeleza mashine kongwe. Tukahama watu watatu, baba, mama na mimi, tukapanga vyumba viwili Makindye, juu kwenye mteremko ambapo mvua ikinyesha barabara nzima inakuja kukusalimia mlangoni. Kiwandani kwa baba walikuwepo Wakongo, watu wa kaskazini, Wakenya wenzetu, na wote walielewana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake. Kwa hiyo baba aliishi Kampala miaka yote hiyo bila kujua Kiganda hata cha kuombea chumvi. Mama ni habari nyingine. Mama alikuwa akishuka Ggaba, ziwani, kila asubuhi kununua samaki mwaloni na kuja kuwauza sokoni, na Kiganda alijifunza kwa njia ya mkato kuliko zote, yaani kwa kugombania sato na wanawake wenye sauti kubwa kuliko yake.

Mimi naitwa Wakesho. Kwetu Taita ni jina la kawaida kabisa, lakini shuleni nilikutana na Odong, mtoto wa askari polisi, aliyetoka kambini na Kiswahili chake cha kambini. Siku ya kwanza aliniuliza jina, nikamwambia.

"Wa kesho?" akasema. "Na wa leo iko wapi?"

Tukawa marafiki papo hapo, maana hakuna mtoto mwingine niliyekuwa naelewa anachosema. Shule yetu ilikuwa ya Kiingereza. Hedimasta wetu, mzee wa Kiganda mwenye suti ya kijivu na ushemasi kanisani, alishika Kiingereza kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Aliamini kwamba vita vyote vilivyotupata vilianza kwa sababu watu hawakusema Kiingereza vizuri. Darasani ilikuwa Kiingereza, uwanjani Kiingereza, na hata ukijigonga kidole gumba ilikupasa kulia kwa Kiingereza.

Ndipo nilipokutana na Eva.

Mwalimu wetu wa kwanza wa sayansi alikuwa kijana mpole aliyesoma kutoka kitabuni huku amelipa darasa mgongo. Alisoma, sisi tukaitikia kwa kuimba. Siku hiyo tuliimba kitu nilichokisikia waziwazi kuwa ni Eva Poresheni. Nilifurahi sana. Katika bahari yote ile ya maneno yasiyoshikika nilikuwa nimeona uso ninaoujua. Eva nilimjua tangu shule ya Jumapili, mke wa Adamu, mwenye yale mambo ya tunda. Kumbe alikuwa na jina la pili. Na kutokana na vipande vya somo nilivyoambulia, ziwa, jua, juu, mawingu, niliunganisha mwenyewe kwamba baada ya kufukuzwa bustanini alihamia kando ya ziwa, pengine huko huko Ggaba kwa wenzake mama, na baadaye akapaa mbinguni.

Odong yeye alikuwa amempata Konda Stesheni. Kwa hesabu yake huyu alikuwa kondakta mkuu wa kituo cha magari, na kazi yake ilikuwa kuwashusha watu waliopanda. Ukilifikiria vizuri, hakuwa mbali sana na ukweli.

Mtihani ukaja. Swali likauliza Eva Poresheni ni nini. Nikaona wamekosea, walipaswa kuuliza ni nani, lakini kwa kuwa ni wakubwa nikawasamehe. Nikaandika kwa Kiingereza changu kwamba ni mke wa Adamu na anakaa kwenye maji, na nikamchora, amebeba ndoo, nikamvika na shanga shingoni. Mchoro ulikuwa mzuri. Alama sikupata.

Nyumbani hilo halikuwa jambo la kucheka. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimerudia darasa la pili kwa sababu hiyo hiyo. Baba aliisoma ripoti akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi. Hakuwa mtu wa kupiga wala wa kupayuka. Alisema kwa sauti ya chini, "Wakesho, mwanangu, huku hukuwezi. Ukianguka tena muhula ujao, unarudi Voi kwa nyanya yako. Ukasome kule unakoelewa." Mama alikuwa anapara samaki. Akaendelea kupara, hakunitetea, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Nyanya nilimpenda. Lakini nilikuwa bado mtoto wa kulala nikinusa mkono wa mama, mkono wenye harufu ya samaki hata ukioshwa kwa sabuni ya kiwanda kizima, na nilijua kwamba Voi mkono huo haupo. Usiku nilivuta shuka mpaka puani nikamlaumu Eva peke yake.

Sasa lazima niwaambie na habari ya maji, maana huko ndiko tunakoelekea. Pale mtaani rafiki yangu wa kike alikuwa Nakato, Mganda, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyelelewa na bibi yake. Bibi kwa Kiganda ni Jjajja, na Jjajja huyo alikuwa mtu wa heshima zake, gomesi yake, lile gauni refu la Kiganda la kufungwa mshipi, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nakato alikuwa amepigwa msasa wa adabu hivyo hivyo. Alipiga magoti akisalimia wakubwa, hakula njiani, na kinywani mwake neno chafu halikupita. Mimi nikienda kwao kucheza nikapata kiu, nilikuwa najua namna ya kuomba kwa adabu, kwa kuwa nilikuwa nimewasikia wenyewe wakiomba. Nilipiga magoti mbele ya Jjajja nikasema, "Jjajja, nsaba amazi." Naomba maji.

Kila mara ilikuwa vilevile. Jjajja aliangalia dari. Mabega yake yalianza kutikisika. Alijifunika mdomo kwa ncha ya mshipi wake, akanyanyuka bila kunitazama, akaniletea maji, akaingia chumbani, na huko ndani tukasikia akipumua kwa shida. Nakato alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Hata mwenye kibanda cha njiani, mama mwenye huzuni zake, nikimwomba amazi alichangamka siku nzima.

Mtoto hakosi maelezo. Nilikuwa nimewasikia wakubwa wakihadithia jinsi wakati wa vita mabomba yalivyokauka, watu wakachota kwenye mabonde wakiwa roho juu, na jinsi maji yaliporudi wengine walifungua bomba na kusimama tu kuyatazama. Basi nikaelewa. Watu wa Kampala walikuwa bado na furaha ya maji. Ukiyataja tu, inawapanda. Nikaona ni tabia nzuri, na nikawa nayataja mara nyingi kadiri nilivyoweza ili kuwafurahisha.

Muhula mpya ulipoanza yule kijana mpole hakurudi, akaja Madam Akello. Alikuwa mwanamke mrefu wa kaskazini, mumewe askari kambini kwa akina Odong, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, kisicho na haya. Siku ya kwanza alitusikiliza tukiimba Eva Poresheni toka mwanzo hadi mwisho. Akauliza kwa Kiingereza hilo neno maana yake nini. Tukamwimbia tena. Akauliza kwa Kiswahili. Nikanyoosha mkono nikamweleza habari za mke wa Adamu, kwa kirefu, na Odong akaongeza za konda. Madam Akello alikaa juu ya meza. Hakutucheka. Akasema, "Hapana kariri tena. Kesho mimi naleta jiko."

Akaleta jiko la mafuta ya taa, hilo lenye harufu yake, na sufuria na mfuniko. Akaandika ubaoni neno la maji mara nne: Kiingereza chake hedimasta, amazzi ya Waganda, maji yetu, na pii ya Kiacholi. Maji yakachemka. Akafunua mfuniko, akaugeuza, akatuonyesha matone yamejipanga chini yake, akapita nao dawati kwa dawati tuyaguse. "Hii nani ameweka hapa?" akauliza. Nakumbuka lile tone kwenye kidole changu. Nilikuwa nimekula mihula mizima ya sayansi, na hilo tone ndilo lilikuwa kitu cha kwanza nilichopewa.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja, na sijauona tena mahali pengine. Somo alilieleza kidogo kidogo kwa lugha alizojua. Halafu kila mtoto alimweleza jirani yake wa dawati, si kwa lugha yako, kwa lugha ya huyo jirani. "Kama wewe naweza kumwambia yeye kwa mdomo yake mwenyewe," alisema, "basi wewe naelewa." Kiingereza kilikuja mwishoni, wakati kitu chenyewe kimeshaingia kichwani na kinachotafutwa ni nguo ya kukivika. Dawati letu tulikaa watatu, mimi, Nakato na Odong. Nakato alinieleza kwa Kiswahili, naye alikuwa na ile r ya Kiganda inayokaa pasipo pake.

"Maji inarara ziwani," alisema, macho chini kwa adabu. "Jua inakuja inaamusha. Inapanda juru, inakuwa mawingu. Harafu mvura."

Mimi nilicheka hiyo mvura mpaka nikapigwa kiwiko na Odong. Halafu ikawa zamu yangu kumweleza yeye kwa Kiganda, nami nikaanza, amazi hivi, amazi vile, na Nakato akainamia dawati.

"Amazzi," akanisahihisha kwa kunong'ona. "Si amazi."

"Ndivyo nilivyosema," nikasema. "Amazi."

"Amazzi."

"Amazi."

Tulienda hivyo mpaka kengele ikalia. Wallahi nilisikiliza kwa masikio yote mawili na sikusikia tofauti. Nyinyi mliokulia Kiswahili jaribuni. Kwetu zedi ni zedi, hatuna ya kubana na ya kuachia. Madam Akello naye lugha yake haikumpa sikio la kusikia hiyo, akatupitia akatikisa kichwa kwamba vizuri, endeleeni. Nilimuuliza Nakato hiyo nyingine ina maana gani basi, kama kweli kuna nyingine. Akaziba mdomo kwa kiganja. Mtoto aliyelelewa na Jjajja hawezi kulitamka neno lile hata kwa kulitafsiri. Nikaona ananionea wivu.

Na sayansi ikaanza kuniingia. Si maji peke yake. Mbegu, mifupa, mbu, yote yalikuja na kukaa. Nilirudi nyumbani nikimweleza mama mzunguko wa damu wakati anapasua samaki, nikimwonyesha kwenye samaki mwenyewe. Mama alisikiliza sana majuma yale. Baba alisikiliza pia lakini aliuliza swali moja tu kila mara, na swali lilikuwa, "Na Kiingereza?" Ripoti ilikuwa ya Kiingereza. Voi ilikuwa bado iko pale pale ilipo.

Kisha mzazi mmoja, Mganda, mtu mwenye duka lake, akaja shuleni amekasirika. Mtoto wake alikuwa ameketi mezani mbele ya wageni akaomba apewe pii. Yule bwana akamwambia hedimasta kwamba yeye hulipa karo mtoto apate Kiingereza, si kurudi nyumbani na Kiacholi. Hedimasta, ambaye alikuwa amelivumilia lile jiko kwa shida, akapata alichokuwa anangoja. Alikuja darasani kwetu mwenyewe akatangaza kwamba mkaguzi wa elimu atakuja Ijumaa, wazazi waje pia, waone. Mkaguzi akikubali, Madam ataendelea. Akikataa, kuanzia Jumatatu ni Kiingereza peke yake, na sayansi atafundisha yeye hedimasta, kutoka kitabuni. Nilimwona Eva anarudi na ndoo yake, na nyuma yake basi la Voi.

Ijumaa darasa lilijaa. Mabenchi yaliwekwa nyuma, wazazi wakabanana. Baba alikuja na ovaroli yake ya kazini, ananukia sabuni, akaketi katikati ya Waganda wenye makoti akiwa hana wa kuzungumza naye. Mama alikuwa sokoni, samaki hawangoji. Jjajja wa Nakato alikuwepo mstari wa kwanza, amejaa kiti. Mkaguzi alikuwa mzee mkimya kutoka magharibi, upande wa Ankole, mwenye kofia aliyoiweka gotini na kuishika kana kwamba itaruka. Hedimasta alisimama ukutani. Madam Akello alinitazama mara moja nikajua anategemea dawati letu.

Jiko likawashwa. Nakato akasimama akaeleza kwa Kiswahili, mvura na kila kitu, baba akaitikia kwa kichwa kwa kuwa alielewa. Odong akaeleza kwa Kiganda cha kambini, akapona. Halafu nikaitwa mimi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisimama wima, mikono nyuma, nikatazama ukuta wa mbali juu ya vichwa vya watu, nikasema kwa sauti ya kanisani, polepole, kila neno lisikike: "Amazi gava mu nnyanja. Omusana gugookya. Ne galinnya waggulu, ne gafuuka ebire. Enkuba n'etonnya, ne tuganywa."

Kwa akili yangu nilisema kwamba maji hutoka ziwani, jua huyachoma, hupanda juu, huwa mawingu, mvua hunyesha, nasi tunayanywa. Nilichosema hasa, mbele ya wazazi, mkaguzi na shemasi, ni hayohayo yote, lakini si kuhusu maji. Kwa Kiganda amazi yenye zedi moja ni choo kikubwa. Hicho ndicho nilichokitoa ziwani, nikakipasha moto, nikakipandisha mawinguni, nikawanyeshea, nikawanywesha.

Jjajja, ambaye alikuwa amejizuia kwa miezi, akaachia. Sijawahi kusikia kicheko kama kile kikitoka kwenye gomesi. Kikaambukiza benchi lote. Yule mwenye duka aliyeleta malalamiko alikuwa ameinama amekamata magoti, machozi yanamtoka. Watoto walilala juu ya madawati. Madam Akello alikuwa anatazama huku na huku haelewi kuna nini, na mimi sielewi zaidi yake, nikasema moyoni, leo furaha ya maji imezidi.

Na katikati ya zile kelele nikasikia makofi. Mtu mmoja alikuwa amesimama anapiga makofi, makofi ya nguvu, ya kifundi, na uso wake unang'aa. Alikuwa ni baba.

Hedimasta aliinua mkono, akangoja watu watulie, na uso wake ulikuwa umeiva. "Bwana mkaguzi," alisema kwa Kiingereza, "umesikia mwenyewe. Hili ndilo nililokuwa nasema."

"Nimesikia," mkaguzi akasema. "Mtoto amesema nini?"

"Amekosea neno, bwana."

"Neno gani? Kwetu maji ni amaizi. Mimi naona amesema karibu sawa na sisi."

"Si hilo, bwana. Hapa lina maana nyingine."

"Maana gani?"

Hedimasta akafungua mdomo. Akatazama mabenchi, akaona Jjajja, ambaye alikaa naye kiti kimoja kanisani kila Jumapili. Akawaona wake za watu. Akatutazama sisi watoto. Mkaguzi alikuwa anangoja, kofia gotini, mpole kabisa, mgeni tu anayetaka kuelimishwa. Sasa hivi, nikiwa mtu mzima, najua kwamba mzee yule alikuwa amefanya kazi Kampala miaka na mikaka, na hapakuwa na neno la Kiganda asilolijua. Lakini uso wake ulikuwa safi kama sahani.

"Si kosa kubwa, bwana," hedimasta akasema mwishowe.

"Vizuri," mkaguzi akasema. Akanigeukia mimi. Akauchukua mfuniko kutoka kwa Madam, akaugeuza, akanionyesha tone, na akaniuliza kwa Kiingereza nani ameliweka pale.

Hapo hapakuwa na pa kukariri, maana swali hilo halikuwa kitabuni. Lakini lile tone tulikuwa tunajuana. Nikaokota Kiingereza changu kipande kwa kipande nikamwambia kwamba hakuna mtu aliyeliweka. Maji ya chini yamepata moto, yamepanda bila kuonekana, huko juu yamekuta mfuniko una baridi, yamerudi kuwa maji. Nikamwambia na ziwa ni vilevile, ila halina mfuniko, lina mbingu. Na neno la kupanda nikalitaja kwa Kiingereza jinsi lilivyo, evaporation, bila Eva ndani yake.

Mkaguzi akaweka mfuniko mahali pake. Akavaa kofia yake, akamwambia hedimasta, mbele yetu sote, kwamba Madam aendelee. Hakutoa hotuba.

Nje ya darasa Odong alinishika mkono akanivuta nyuma ya ukuta. Yeye kambini aliishi na kila kabila, wenzake walikuwa wamemweleza dakika ile ile, na hakuwa na Jjajja wa kumfunga mdomo. "Wewe najua nasema nini?" akaniuliza. Akaniambia, kwa neno moja la Kiswahili, lile lile ambalo nyinyi mmeshalifikiria. Nilisimama pale nikaanza kuhesabu kichwani watu wote niliowapigia magoti nikawaomba. Nilitamani ardhi inimeze, na baba alikuwa anangoja getini.

Tukapanda mteremko kwenda nyumbani. Baba alitembea mbele kidogo, mikono mfukoni, na nilipomchungulia niliona midomo yake inatikisika. Nikajua ameambiwa. Nikajua anapanga maneno ya kunipeleka Voi, si kwa kufeli sasa, bali kwa aibu. Nilikaza mwendo nisilie barabarani.

Mama alikuwa uani kwenye beseni, anapara samaki waliobaki. Alituona akanyanyua uso, kisu mkononi. "Imekuwaje?"

"Mama Wakesho," baba akasema, akavua kofia. "Mimi nimekaa mji huu mpaka nimeota mvi, Kiganda sijui. Leo huyu amesimama mbele ya wakubwa, amekisema, wakashindwa kukaa vitini. Kuna bibi mmoja amelia kwa furaha. Mkaguzi mwenyewe amemuuliza swali la Kiingereza, akamjibu."

"Amesema nini hicho Kiganda?"

Hapo nikajua midomo ya baba ilikuwa inafanya nini njia nzima. Alikuwa anashika lile shairi langu lisimpotee. Akasimama wima, mikono nyuma, kama nilivyosimama mimi, akalisema lote, kutoka ziwani hadi kwenye kunywa, kwa sauti ya kanisani, na hiyo amazi yake haikuwa na zedi hata nusu ya ziada.

Kisu kilimtoka mama mkononi. Alijikunja juu ya beseni, nikaona mgongo wake ukitikisika bila sauti, halafu sauti ikaja. Alicheka mpaka akaketi chini, magamba yamemjaa mikononi, akawa anajifuta macho kwa kiwiko. Alininyooshea mkono mmoja nikaenda nikaushika, unanuka samaki, nikaubana shavuni, naye akanitazama akaona kwamba mimi pia najua, na hilo likamwanzisha upya. Baba alingoja amalize. Alipoona hamalizi, akaniwekea kiganja kichwani.

"Unaona?" akasema. "Hata mama yako amefurahi. Voi huendi."